Kinu Kikiendelea Kupiga Kelele

(Maneno tuliyosema mbele ya vikundi vya kujisaidia, Nyanchwa)



Mnakumbuka tulianza pamoja sala ya ukimya: dakika kumi, kukaa wima, macho yamefungwa, kurudia polepole neno moja, Maranatha. Ni neno la Kiaramu ambalo Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho. Maana yake "Bwana, njoo". Wiki iliyofuata mama mmoja akatuambia, "Mimi naacha. Nikifumba macho naona karo, naona ng'ombe hajakamuliwa, naona mtoto niliyemzika. Labda Mungu hanitaki."

Watu wakanyamaza. Kumbe wote tulikuwa na shida hiyo hiyo, Wakatoliki na Waadventista, hata sisi tuliokuwa tunafundisha!

Sasa tusikilizane. Kichwa kujaa mawazo si dhambi. Mtakatifu Teresia wa Avila, mtawa wa Hispania, aliandika mwaka 1577 kwamba kichwa chake kilijaa kelele kama ya mito mikubwa. Akayafananisha mawazo na kinu cha kusaga nafaka: kiache kipige kelele, sisi tuendelee na unga wetu. Mwaka 1970 Kanisa lilimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa. Kama mwalimu alisumbuka, sisi je?

Mashine ya kusaga mnaijua. Nani amewahi kugombana na injini? Unashika gunia lako, unangoja unga.

Basi tufanye hivi:

1. Kazi isiyongoja ifanywe kwanza. Ng'ombe akamuliwe, ndipo tukae.

2. Wazo likija, tusilifukuze wala tusilifuate. Tuseme moyoni, "Hii ni karo," halafu turudi kwenye neno. Likija mara ishirini, turudi mara ishirini. Kule kurudi ndiyo sala yenyewe.

3. Tusijipe alama kama mtihani. Siku yenye kelele nayo ni siku ya sala.

4. Karo hailipwi kwa kufumba macho. Sala ikiisha, jambo hilo tulilete kwenye kikundi, tulipange pamoja.

5. Msiba ni mzigo mwingine. Ukiona hulali, huli, usikae peke yako na ukimya. Mwambie mtu unayemwamini, na ufike kituo cha afya.

Yule mama hatukumwambia ajikaze. Tulimwuliza jina la mtoto. Akalitaja, akalia, na kikundi kikakaa naye mpaka jioni. Siku hizi anakaa dakika tano. Anasema kelele bado ziko, lakini haoni tena kwamba Mungu amemkataa.

Maswali ya kujadili katika kikundi:
- Ni wazo gani linalokujia kwanza ukinyamaza?
- Je, ni la kuachwa lipite, au ni kazi tunayopaswa kuifanya pamoja?
- Nani kati yetu amebeba huzuni na hatujamwuliza?