Biryogo na Amana ya Kumbukumbu



Iko miji ya ng'ambo ambayo vitongoji vyake vilizaliwa na reli ya tramu: ilipofika reli, ndipo watu walipojenga. Kigali haikupata kuwa na reli. Kitongoji cha kale cha Waislamu wake kilizaliwa na nyayo za watu. Richard Kandt alipoweka hapo makao ya Serikali ya Wadachi mwaka 1907, walikuja pamoja na utawala huo askari, makarani na wafanyabiashara Waislamu, wengi wao wasemao Kiswahili. Mwaka 1913 ukajengwa Msikiti wa Al-Fatah, wa kwanza katika mji.

Chini ya utawala wa Wabelgiji, ulioingia mwaka 1916, Waislamu walikusanywa Biryogo, mahali palipoitwa Kambi ya Waswahili, na mtu hakutoka kwenda kwingine ila kwa ruhusa. Kambi ilikusudiwa kuwatenga. Wenyewe wakaigeuza makazi yenye ibada, elimu na biashara, na lugha iliyomkutanisha mtu wa pwani na Mnyarwanda. Lugha hiyo ilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017.

Leo nyumba ya Kandt imehifadhiwa kuwa makumbusho, na hilo ni jema. Lakini watu wa kambini walijenga kwa udongo, na udongo haudumu. Habari zao nyingi zimo vifuani mwa wazee, na mzee akifariki huondoka nazo.

Kinyinya iko mbali na Biryogo. Mtoto azaliwaye huko aweza kuhitimu Kurani asijue waliomtangulia katika dini waliishi wapi, wala kwa taabu gani. Basi kazi ni tatu, wala hazihitaji mali nyingi. Kwanza, maneno ya wazee yaandikwe, pamoja na jina la msemaji na tarehe. Pili, picha, hati za ndoa na barua za zamani zisitupwe watu wanapohama, bali zitolewe nakala na kuwekwa msikitini. Tatu, watoto wapelekwe Biryogo, watembezwe kwa miguu na mtu apajuaye.

Wahenga walisema: Mwacha asili ni mtumwa. Wale wazee walizuiliwa kutoka kambini, wala hawakuiacha asili yao. Itakuwa aibu iachwe na wajukuu walio huru kwenda watakako.

Wabillahi tawfiq.