Gitaa la Bei Nafuu Si Lazima Liwe Duni

Msikilizaji, ukiingia dukani kutafuta gitaa la umeme lenye uwazi tumboni, lile lenye matundu mawili ya umbo la herufi f, utaambiwa kwanza habari za mbao: la bei ya juu ni mti halisi, la bei nafuu ni plaiwudi. Usilipokee neno hilo. Linawatoa wanamuziki wetu pesa nyingi bure.

Kampuni ya Gibson ilipotoa gitaa la aina hii, ES-335, mwaka 1958 kutoka kiwanda chake cha Kalamazoo, Marekani, uso na mgongo wake ulikuwa wa mbao nyembamba zilizogundishwa tabaka juu ya tabaka. Plaiwudi hiyo, na hadi leo ndivyo linavyotengenezwa. Ubunifu ulikuwa ndani: gogo la mti lililopitishwa katikati ya tumbo, pembeni pakaachwa wazi. Gogo hilo hupunguza mluzi unapopandisha sauti jukwaani, na uwazi ule hulipa gitaa pumzi. Mpiga gitaa wa blues B.B. King alitaka mluzi upungue zaidi, na gitaa lililotoka kwa jina lake mwaka 1980 halikuwa na tundu hata moja usoni.

Epiphone, kampuni iliyonunuliwa na Gibson mwaka 1957, huunda ES-335 yake barani Asia kwa mpango uleule: tabaka, gogo, na shingo ya kugundishwa. Hata hivyo, bei ya Gibson moja mpya hutosha kununua Epiphone nne au zaidi. Sehemu ya pesa hiyo ni jina na mishahara ya Marekani. Iliyobaki ni kazi ya mikono na vifaa vya umeme, na hapo ndipo pa kukagua.

Pitisha kiganja ukingoni mwa shingo. Ncha za freti zikikukwaruza, zilikatwa kwa haraka. Vuta uzi wa tatu kwa nguvu, uachie, usikilize: ukirudi umeshuka, umenasa kwenye mfereji wake pale juu ya shingo. Hayo yasikukimbize. Fundi mzuri atapiga tupa ncha zile na kupanua mfereji, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na tofauti ya bei.

Umeme ni habari nyingine. Gitaa la mwili mzima, lisilo na uwazi, lina kifuniko. Unafungua skrubu, unaona kila waya. Hili lenye uwazi kwa kawaida halina. Swichi, soketi na vifungo vinne vya kuzungusha viliingizwa kupitia tundu la f, na kimoja kikiharibika fundi hukifunga uzi, akakitumbukiza humo, kisha akakivuta taratibu hadi kichomoze mahali pake. Nawaheshimu sana mafundi wanaoiweza kazi hiyo. Ni ya saa nyingi, na mwenye papara huchubua rangi.

Kwa hiyo mimi ningenunua la bei nafuu bila kuona haya, ila nisingelipa kabla ya kulichomeka kwenye amplifaya. Zungusha vifungo vyote vinne polepole, kimoja kimoja. Badilisha swichi mara kadhaa, tikisa waya kwenye soketi. Sauti ikikatika au ikikwaruza, mwombe muuzaji akuletee jingine la aina hiyohiyo, ulijaribu nalo.