Safari ya Beijing na Suala la Kibanja Chetu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, London)

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, kaka na dada zangu, wakwe, watoto na wajukuu mliofika kutoka Reading, Leicester, Stockholm na Minneapolis, na ninyi mtakaoyasoma maneno haya kijitabuni kwa kuwa nauli au viza haikuwaruhusu:

Katibu aliniomba nieleze jinsi nilivyokwenda China mwaka 1995 nikiwa mjumbe wa kanisa katika mkutano wa wanawake wa dunia. Nilikubali upesi, kisha nikajuta, kwa maana habari hiyo siwezi kuisimulia kwa ukweli pasipo kukitaja kibanja cha Babu, na kibanja cha Babu kimo katika ajenda yetu ya mchana huu.

Wakati ule nilikuwa na umri wa miaka thelathini na sita, karani katika ofisi ya ardhi kule nyumbani. Makanisa yalikuwa katika Muongo wa Mshikamano na Wanawake, uliotangazwa na Baraza la Makanisa Ulimwenguni kwa miaka ya 1988 hadi 1998, na Kanisa letu la Kilutheri Tanzania lilikuwa limekwisha kuamua, mwaka 1990, kwamba wanawake nao wabarikiwe kuwa wachungaji. Wanawake wa usharika wakanichagua, nadhani kwa sababu ya kujua kupiga chapa na kuandika ripoti kuliko kwa ucha Mungu wangu.

Mkutano wa serikali ulifanyika Beijing tarehe 4 hadi 15 Septemba, Katibu Mkuu wake akiwa Mama Gertrude Mongella, mtoto wa Ukerewe, jirani yetu wa ziwani. Sisi wa makanisa na vyama tuliwekwa Huairou, mji mdogo ulio mbali na jiji, watu wapatao 30,000. Mvua ilinyesha. Mahema yalivuja, tope likafika vifundoni, na kitenge nilichoshonewa kwa ajili ya siku ya ufunguzi kilirudi na rangi ya udongo wa China ambayo haijatoka mpaka leo. Mama mmoja wa Uganda alinifundisha kukalia mfuko wa plastiki. Hayo ndiyo watu hupenda kuyasikia.

Siku ya tatu nilipewa nafasi ya kuzungumza katika hema moja kuhusu wanawake na ardhi. Nilikuwa nimejiandaa. Nilieleza kesi ya Bi. Holaria Pastory wa Muleba, aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000, na mwana wa ndugu yake akamshitaki kwamba mwanamke wa Kihaya hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilimpa ushindi mdai. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu ya Mwanza, ambako Jaji Mwalusanya aliamua mwaka 1990 kwamba mila hiyo inapingana na haki zilizomo katika Katiba, na kwamba mwanamke anaweza kuuza kwa masharti yale yale ya mwanamume. Wasikilizaji walipiga makofi.

Ndipo dada mmoja, nadhani wa Ghana, akauliza: "Na katika ukoo wako wewe, hali ikoje?"

Nilijibu kwamba muda umekwisha.

Ndugu zangu, miaka miwili kabla ya siku hiyo, Baba Mdogo alipofariki, mjane wake aliondolewa kibanjani baada ya matanga. Hakupigwa wala hakutukanwa. Kikao kilikaa, kikasema arudi kwao kwa kuwa alizaa mabinti watupu. Nami nilikuwapo. Kikao kilihitaji mtu wa kuandika muhtasari kwa mwandiko mzuri, na mwandiko ule ni wangu. Hukumu ya Mwanza niliijua kama niijuavyo Baba Yetu. Nakala yake ilikuwa mezani kwangu ofisini. Sikusema neno. Niliogopa kuitwa mwanamke wa mjini.

Mama Mdogo alifariki mwaka 2004 katika chumba cha kupanga, Bukoba mjini. Mabinti zake wawili wamo ukumbini humu. Niliomba idhini yao kabla ya kusema haya. Mmoja akanijibu niseme yote, ama ninyamaze kama nilivyonyamaza zamani.

Wako watakaosema haya ni mambo ya Kizungu niliyoyaokota hapa London tangu nilipohamia mwaka 2001. Hapa Uingereza kwenyewe mwanamke aliyeolewa alisubiri sheria ya mwaka 1882 ili mali yake isiwe ya mumewe. Na kesi ya Muleba haikuwa na Mzungu ndani yake: ilikuwa ya mama wa Kihaya, jaji Mtanzania na Katiba yetu. Tena Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeitambua haki ya mwanamke kumiliki ardhi sawa na mwanamume.

Sasa nije kwenye ajenda. Rasimu ya orodha itakayopelekwa kijijini kwa ajili ya Hati ya Hakimiliki ya Kimila ina majina kumi na moja, yote ya wanaume. Naomba mabinti wa Baba Mdogo waandikwe humo leo, kabla ya chakula. Langu linaweza kungoja. Mimi nina paa Leyton.

Muhtasari wa 1993 nimeuleta, kurasa mbili. Namkabidhi Katibu, na naomba mkutano huu uutengue kwa kura. Muhtasari wa leo aandike mtu mwingine.