Mdomo Uliofumbwa: Mlo na Hukumu katika Sanaa ya Uingereza



Yeyote atakayezipitia picha za Waingereza zinazohusu chakula, kuanzia miaka ya 1720 hadi Vita Kuu ya Kwanza, atakutana na jambo ambalo ni rahisi kulipita bila kuliona: meza zimejaa, lakini walaji ni wachache. Watu wa heshima wameketi mbele ya vyombo vya fedha na vikombe vya kaure, wamevishika, wanavionyesha, na midomo yao imefumbwa. Anayefungua mdomo akatafuna, au akachokonoa meno mbele za watu, mara nyingi ni mtu ambaye mchoraji amekwisha kumhukumu. Hoja yangu jioni hii ni kwamba katika sanaa hiyo mlo ulichorwa ili kumpima mlaji, kama anastahili heshima au hastahili. Na kwamba katika miaka ya 1791 na 1792, kwa sababu ya sukari, kipimo hicho kiligeuzwa kikamwelekea mtazamaji mwenyewe. Hilo la pili ndilo linalotugusa zaidi sisi wa pwani hii ya Afrika Mashariki.

Tuanze na heshima. Mnamo 1727 hivi, Richard Collins alichora familia ya watu watatu wakinywa chai, picha ambayo leo imo katika Jumba la Makumbusho la Victoria and Albert, London. Mezani kuna buli, jagi la maji ya moto, bakuli la sukari na koleo lake dogo, vyote vya fedha. Chai wakati huo ilikuwa ghali, na iliendelea kuwa ghali mpaka sheria ya 1784 ilipoushusha ushuru wake kutoka asilimia 119 hadi 12.5. Kwa hiyo Collins hatuonyeshi watu wenye kiu. Anatuonyesha namna tatu za kushika kikombe kisicho na mkono, na katika vidole hivyo ndimo malezi ya familia yanamosomeka. Miaka arobaini hivi baadaye, mnamo 1766, Johan Zoffany alimchora Lord Willoughby de Broke na familia yake wakati wa kifungua kinywa. Mtoto mmoja ananyoosha mkono kuchukua mkate, na baba yake anamwinulia kidole cha kumkanya. Katika picha nzima, hamu ya kula imeachiwa mtoto peke yake, na hata yeye anakatazwa.

Sasa tumgeukie William Hogarth, ambaye kwake midomo inafanya kazi. Katika mfululizo wake wa 1747 kuhusu wanagenzi wawili, mmoja mwenye bidii na mwingine mvivu, kuna chapa inayoonyesha karamu ya yule mwenye bidii alipokwisha kuwa Sherifu wa London. Tungetarajia shujaa huyo awe mbele, akifaidi jasho lake. Hogarth amemweka mbali kabisa, mwisho wa ukumbi, kadogo kiasi kwamba ni lazima kumtafuta. Mbele wamejaa walafi wanaofakamia vyakula, na mlangoni umati wenye maombi umezuiwa. Kwa macho yangu hii ni mojawapo ya picha zenye maana nzito zaidi alizopata kuzichora: mwema hawezi kuwekwa karibu na chakula bila kuchafuka. Halafu, katika picha yake ya karamu ya uchaguzi ya 1755, Meya amezidiwa na chaza aliowala. Daktari anamtoa damu mkononi, na uma wake bado umebeba chaza mmoja. Wapiga kura wananunuliwa kwa vinywaji na minofu, na mwili wa Meya ndio unaolipa deni la rushwa hiyo.

Picha inayonakiliwa zaidi kuhusu jambo hili, hata hivyo, ni ile ya Lango la Calais, ya 1748. Hogarth alikamatwa katika mji huo wa Ufaransa alipokuwa akichora lango, akashukiwa kuwa jasusi, na aliporudi kwao alijibu kwa brashi. Katikati mpishi ameelemewa na pande kubwa la nyama ya ng'ombe linalopelekwa kwenye hoteli ya Waingereza. Mtawa mnene analigusa kwa kidole. Askari wa Kifaransa, wembamba, wamebaki na supu yao nyepesi. Pembeni ameanguka Mskoti aliyekimbilia uhamishoni baada ya uasi wa 1745. Jina la pili la picha limetokana na wimbo wa Henry Fielding wa 1731 unaosifu nyama ya kuoka ya Uingereza, na Hogarth mwenyewe alikuwa mwanachama wa chama cha walaji wa nyama kilichoanzishwa London mwaka 1735. Ukiitazama tena picha hiyo utagundua kwamba nyama haijaguswa na jino. Mwingereza ambaye italiwa kwa heshima yake hayupo. Yupo Hogarth tu pembezoni, akichora, huku mkono wa askari ukimshika bega. Wafaransa wamechorwa na njaa yao ili Mwingereza, bila kuonekana akila, ahesabiwe kuwa ameshiba. Taifa zima limesifiwa kwa mlo ambao mlaji wake amefichwa.

Kuna pingamizi mbili ambazo sina haki ya kuzikwepa. Ya kwanza inasema kwamba mdomo uliofumbwa ni desturi ya wachoraji wa Ulaya nzima, kwa kuwa hakuna mtu anayelipia picha yake akitafuna. Annibale Carracci alimchora mla maharage akiwa na mdomo wazi huko Italia karne ya 16, na Waholanzi waliwachora wakulima wao vivyo hivyo. Ni kweli, na sidai kwamba Waingereza waliibuni desturi hiyo. Upekee wao umo katika chapa. Michoro ya shaba iliyouzwa madukani London iliichukua desturi ya picha za ukumbini ikaifanya lugha ya siasa, ambayo mpita njia aliielewa dirishani bila kufundishwa. Mwaka 1792 James Gillray alimchora Mwana wa Mfalme akichokonoa meno kwa uma, kizibao kikitaka kupasuka, na bili zisizolipwa zikiwa karibu naye. Kisha akamchora baba yake, Mfalme George wa Tatu, akila yai la kuchemsha kwa ubahili. Mmoja amehukumiwa kwa ulafi, mwingine kwa uchoyo.

Pingamizi ya pili ni kwamba tashtiti si ushahidi wa namna watu walivyokula. Naikubali yote, maana si ulaji ninaoutafuta. Tashtiti ni ushahidi mzuri wa kile ambacho watu walikionea aibu, na bila aibu hiyo chapa isingechekesha wala isingenunuliwa.

Aibu hiyo ndiyo iliyoguswa na sukari. Mwezi Aprili 1791 Bunge liliukataa mswada wa William Wilberforce wa kukomesha biashara ya watumwa kwa kura 163 dhidi ya 88. Mwaka huo huo William Fox alitoa kijitabu kilichopiga hesabu mpya: familia inayotumia ratili 5 za sukari kwa wiki, ikijizuia kwa miezi 21, itamwepusha binadamu mmoja na utumwa au kifo. Thomas Clarkson alikadiria kwamba watu wapatao 300,000 waliiacha sukari ya Karibi. Gillray alijibu kwa chapa mbili zinazopaswa kutazamwa pamoja. Ya 1791 inaonyesha Mwafrika akisukumizwa ndani ya pipa la maji ya miwa yanayochemka. Ya Machi 1792 inaonyesha familia ya kifalme ikinywa chai bila sukari: Mfalme anaisifu, Malkia anawabembeleza binti zake, na mabinti wamenuna. Wapo wanaosema chapa hii inawacheka tu wasusiaji, na kweli inamcheka Malkia anayefurahia kubana matumizi. Lakini ameketi mbele ya kikombe kile kile alichokichora Collins, na sasa swali limehama. Namna ya kukishika kikombe haina tena uzito. Kilichomo ndani yake ndicho kinachompima mnywaji.

Hapo ndipo inapobidi kumtafuta mtu ambaye katika picha hizi huhudumia bila kula. Katika chapa ya pili ya Hogarth kuhusu kahaba, ya 1732, mtoto Mweusi mwenye kilemba ameshika birika wakati meza ya chai inapopinduliwa. Katika mfululizo wake wa ndoa, wa 1743 hivi, mtumishi Mweusi anatoa kikombe cha chokoleti. David Dabydeen, msomi mzaliwa wa Guyana, alituonyesha zamani kwamba watu hawa si mapambo, kwani Hogarth aliwatumia kuwaumbua mabwana wao. Nakubaliana naye, na naongeza kwamba wamewekwa mahali ambapo chakula hupita mikononi bila kufika mdomoni.

Na watumwa ambao jasho lao liliingia katika sukari hiyo hawakuwa wa Karibi peke yao. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya kisiwa tunachokiita Mauritius. Waingereza wakakiteka kisiwa hicho mwaka 1810, na kufikia 1825 sukari yake ilitozwa London ushuru sawa na ile ya Karibi. Utumwa ulikomeshwa huko mwaka 1835. Katika muongo huo mmoja, bakuli la sukari la Mwingereza lingeweza kuwa na jasho la mtu aliyepakiwa jahazini Kilwa.

Karne ya 19 nitaipitia haraka. Mwaka 1874 Eyre Crowe aliwachora wasichana wa kiwanda cha pamba cha Wigan saa ya chakula cha mchana, wakipumzika nje, na wahakiki wa wakati ule hawakuona kwamba hilo lilistahili brashi. Mabadiliko makubwa yalikuja na Harold Gilman, aliyemchora mwaka 1917 Bi. Mounter, mwenye nyumba aliyokuwa amepanga: mwanamke mzee mwenye kitambaa kichwani, buli mbele yake, anatutazama moja kwa moja, midomo imefumbwa. Ile heshima iliyokuwa ya mabwana sasa imefika kwa mama asiye na cheo.

Naomba, basi, idara zetu za historia na za sanaa zizifundishe picha hizi pamoja na mkataba wa Kilwa wa 1776, darasa moja, muhula mmoja. Nyingi kati yake zinapatikana bure kwenye tovuti za majumba ya makumbusho, na mwanafunzi wa Kilwa ana haki ya kuzisoma kama sehemu ya historia ya mji wake.