Tumkumbuke Injinia

Maneno ya binti wa marehemu kwenye mkutano wa mwaka wa umoja wetu



Mwenyekiti amenipa dakika kumi nimzungumzie Baba. Wengi wenu mlimjua kwa jina la Injinia tu, na wapo watoto hapa mlimani waliodhani ndilo jina alilobatizwa. Mlikuja kumzika, mkapika, mkabeba, mkakesha nasi. Kwa niaba ya Mama, ambaye ameketi pale mbele, na sisi watoto wake, asanteni sana. Wasifu wake mliusikia siku ile, na vyeo vyake vyote, kwa hiyo leo sitaurudia. Nimekuja kuzungumzia daftari lake, na gari la zahanati.

Lakini kwanza niseme alikuwa mtu gani. Alisoma chuo cha ufundi Dar es Salaam, na miaka yake mingi ya kazi ilikuwa Kibaha, pale TAMCO, palipokuwa pakiunganishwa malori ya Scania. Kiwanda hicho ndicho kilichompeleka Södertälje, Sweden, akajifunze kwa wenye magari yao. Alirudi na koti zito ambalo Kibaha halikuwa na kazi hata siku moja. Mama alitaka kuligawa. Baba akalileta huku, na kila mwezi wa saba mlimwona nalo, hadi mwaka wake wa mwisho.

Alirudi pia na hadithi ya Nils Bohlin. Huyu alikuwa mhandisi wa Volvo, na kabla ya hapo alikuwa kwenye kiwanda cha ndege, akishughulikia viti vinavyomrusha rubani nje ndege ikipata hatari. Mwaka 1959 Volvo wakaanza kutumia mkanda alioubuni, huu tunaoujua, unaopita begani na kiunoni, na wakaacha viwanda vingine vyote vitumie ubunifu ule. Kila Desemba, kabla hatujaondoka kuja nyumbani, Baba alikaa kwenye usukani asiwashe gari mpaka amemsimulia Bohlin mwanzo hadi mwisho. Tuliijua hadithi yenyewe kama sala. Ndugu yangu mdogo alikuwa akiimaliza kabla yake ili tuondoke upesi.

Miaka ya themanini mwanzoni, baada ya vita vya Kagera, wakubwa wenzangu mnakumbuka hali ilivyokuwa. Fedha za kigeni hakuna, spea hakuna, lori zima linalala kwa kukosa gasketi moja. Baba alirudi nyumbani usiku, mikono imepasuka. Kisha likaja lile agizo la kutoendesha magari binafsi Jumapili kuanzia saa nane mchana, ili nchi ibane mafuta. Watu wazima walilalamika. Sisi watoto tulilipenda, maana Jumapili mchana Baba alikuwa wetu. Alitufundisha kubadili tairi, wasichana kwa wavulana, akisema tairi haliulizi nani anashika spana. Mama alikuwa muuguzi, na akiwa zamu ya usiku Baba ndiye aliyepika. Ndizi zake zilizidi chumvi. Tulikula, hakuna aliyethubutu kusema.

Hakuwa malaika. Alikuwa mkali, na ungeweza kumweleza jambo zito la maisha yako, gari likapita nje likikohoa, akanyanyuka kwenda kuangalia. Hata Mama alipomwambia akapimwe kifua, alimjibu kwamba injini ya zamani lazima ipige kelele kidogo. Alikwenda amechelewa.

Sasa nije kwenye gari.

Umoja huu uliponunua gari la kwanza la zahanati, mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimeanza kazi juzijuzi, nimevaa vizuri, nimekuja na mchango wangu wa kwanza. Baba alisimama akauliza swali moja: nani atalipa matairi? Akaomba sehemu ya fedha isiguswe, iwekwe benki kwa ajili ya matengenezo, hata kama ingebidi tununue gari dogo zaidi. Watu walicheka. Mmoja akasema Injinia amekuwa bahili kwa uzee. Mimi niliangalia chini kwa aibu, na ilipofika kupiga kura, niliunyosha mkono wangu upande wa gari kubwa. Baba aliuona. Tulirudi nyumbani kwa miguu, hakunisema kitu.

Gari lilikuja na maua, tukapiga picha. Picha hiyo ilitoka kwenye kijitabu chetu cha mwaka ule na bado inapendeza.

Mnaijua barabara yetu inavyoshuka. Siku moja dereva alikuwa akimshusha mama mjamzito kwenda Moshi, mtoto amekaa vibaya. Kwenye mteremko ule wenye kona mbili, akakanyaga breki na pedali ikazama mpaka chini, haishiki kitu. Dereva yule, Mungu ambariki, aliingiza gia ndogo, akalisugua gari kwenye ukingo wa barabara hadi likasimama. Mtoto alizaliwa chini ya mgomba wa watu. Mama yupo hai na mtoto yupo hai, na sitawataja.

Baba alikwenda jioni ile akafungua chupa ya maji ya breki. Yalikuwa meusi kama chai ya rangi. Alitueleza, na ninawaeleza alivyosema. Maji ya breki hunyonya unyevu wa hewa polepole, mwezi baada ya mwezi. Ukishuka mlima mguu ukiwa juu ya breki, vyuma vinapata moto, unyevu ule unachemka na kuwa mvuke. Mvuke unabonyezeka. Unakanyaga, na nguvu yote ya mguu inaishia kuubonyeza mvuke, magurudumu hayapati kitu. Dawa yake ni kumwaga maji yale na kuweka mapya kila baada ya miaka miwili hivi, na kushuka kwa gia ndogo ili injini ndiyo ishike gari. Chupa yake ni ya bei ndogo kuliko kreti la soda zilizopo kwenye meza hizi. Haikununuliwa kwa sababu hapakuwa na fungu lake, na hakuna mtu aliyekuwa na kazi ya kukumbuka.

Tangu siku hiyo Baba alikwenda zahanati kila Jumamosi na daftari lake la jalada jeusi. Aliandika kilomita, oili, chujio, mkanda wa feni, upepo wa kila tairi. Vitu vidogo alilipa mwenyewe, na Mama alijua ingawa hakuambiwa. Miguu ilipokataa, alimtuma mjukuu amsomee namba kwa simu. Lakini giaboksi ilipokufa, hiyo haikuwa ya pensheni ya mtu mmoja. Gari liko nyuma ya zahanati juu ya mawe. Kuku wanatagia humo. Nililiona jana.

Mwaka huu kamati inatuomba tuchangie gari jipya, na mimi naunga mkono kwa mikono miwili. Wajawazito hawawezi kusubiri tumalize kujilaumu. Ila familia yetu imekaa, na mchango wetu hautaingia kwenye kununua. Tumelipia matairi manne na matengenezo ya mwaka wa kwanza, na tunaomba Mweka Hazina afungue akaunti ya pembeni kwa kazi hiyo tu, isichotwe kwa sherehe wala kwa rangi ya ukuta. Najua hakuna anayepigwa picha akikabidhi maji ya breki. Atakayejiunga nasi, hata kwa elfu tano kila mwezi, aandike jina lake kwa Katibu kabla ya chakula.

Daftari lipo pale pale kwa Katibu. Ukurasa wa mwisho, mkono ukiwa umeshaanza kutetemeka, Baba alipiga hesabu ya kutunza gari jipya kwa mwaka mzima, kitu kwa kitu. Mnaweza kulifungua na kunakili. Msiondoke nalo, Mama anataka lirudi nyumbani leo.

Mama ananionyesha saa.