Mpango wa Filamu ya Katuni ya Wanafunzi wa Nkanka

(Hotuba ya mjumbe wa elimu na vijana mbele ya wazazi, walimu na wafanyakazi wa mashirika)



Nimepewa nafasi nieleze ile kazi ambayo wengi mmeisikia kwa mdomo tu, ya wanafunzi kutengeneza filamu fupi ya katuni. Wako waliouliza: watu hawana kuni, filamu ya nini? Swali lao ni la haki. Nitalijibu kwa kueleza kazi yenyewe, maana mkiijua mtaona haigusi mgao wa mtu.

Filamu ya katuni ni picha nyingi zinazopigwa moja moja. Unaweka kitu, unapiga picha, unakisogeza kidogo, unapiga tena. Kwa sekunde moja tutatumia picha 12. Filamu yetu ni ya dakika 3, basi ni picha 2,160. Hesabu hiyo inatisha, lakini tukigawana vikundi 4, kila kikundi kina picha 540, yaani sekunde 45. Wakipiga picha moja kila dakika, ni saa 9: alasiri tatu za saa tatu tatu. Siku za kuandaa zitakuwa nyingi zaidi, nisiwadanganye.

Hadithi ni ya sambaza. Samaki huyu tunayemla kila siku si mwenyeji wa Ziwa Kivu. Kwao ni Tanganyika. Mto Ruzizi unashuka kutoka huku kwenda kule, na kwa maporomoko yake samaki hawezi kuupanda. Watu ndio waliomleta, kati ya mwaka 1958 na 1960. Waliletwa wa aina mbili, na ni aina moja tu iliyoshika. Leo ndiye anayelisha pande zote mbili za ziwa, na hakuna anayemuuliza kwao ni wapi. Wanafunzi walichagua hadithi hii wenyewe. Mtu mmoja alipendekeza filamu ya kunawa mikono. Ni jambo jema, lakini mabango ya kunawa mikono tunayo ya kutosha.

Sasa, kwa nini kila kikundi kifanye kwa ufundi wake? Hapa ndipo naomba mnisikilize sana. Katika kambi, mtoto yuko leo, kesho jamaa yake imehamishwa, au imepata safari, au imerudi. Tukitegemea mchoraji mmoja aliye hodari, siku akipanda gari filamu imekufa. Kwa hiyo tumeipanga vipande vipande, kila kipande kisimame peke yake.

Kikundi cha kwanza kitachora Tanganyika kwa makaa juu ya karatasi. Cha pili kitafanya safari kwa karatasi zilizokatwa, viungo vikifungwa kwa uzi ili vikunjike. Cha tatu kitaonyesha vilindi vya Kivu kwa mchanga mkavu uliotandazwa juu ya kioo, taa ikiwa chini yake. Cha nne kina wavuvi wa usiku: ile mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti, tutaitengeneza kwa magome ya migomba, na samaki kwa bati la debe la mafuta ya mgao. Kukata bati ni kazi ya mtu mzima, si ya mtoto. Mwishoni zitaonekana sahani na mikono ya watu wa kweli. Mikono tu. Sura ya mtu yeyote haitaingia, maana kuna jamaa humu ambazo hazitaki kujulikana ziko wapi, na sababu zao hatuziulizi.

Kinachoshona vipande hivi ni kanuni tatu. Sambaza ana mkia mwekundu katika kila kipande, awe wa makaa au wa bati. Huingia kutoka kushoto na kutoka kulia. Na sauti, yaani nyimbo za wavuvi na msimulizi, itarekodiwa kwanza, ndipo picha zifuate. Hivyo kipande kimoja kikikosekana, samaki bado anaogelea hadi mwisho.

Jambo hili si geni kwetu. Jean-Michel Kibushi, Mkongo, alitoa mwaka 1991 filamu ya chura aliyekwenda kwa wakwe, kutoka hadithi za Watetela. Mwaka 1992 akatoa nyingine kuhusu uporaji wa Kinshasa wa Septemba 1991, akitumia michoro ya watoto. Mkenya Ng'endo Mukii naye, katika Yellow Fever ya mwaka 2012, alichanganya michoro na watu halisi.

Hiyo ya Kinshasa imezua mjadala katika kamati. Je, mtoto wetu akichora nyumba inaungua? Wazazi wengine wanasema azuiwe. Wageni wengine, nasema kwa heshima, wangependa sana michoro ya namna hiyo kwa ripoti zao. Mimi ninasimama hapa: mtoto asilazimishwe kuchora vita, wala asikatazwe. Akichora, mwalimu akae naye. Karatasi ikishapigwa picha irudishwe mkononi mwake siku ileile. Hakuna mchoro utakaotoka kambini bila mzazi kukubali, na kila mtoto aliyefanya kazi jina lake la shule litaandikwa mwishoni mwa filamu, hata kama amekwisha kuondoka, ila kama jamaa yake imekataa.

Kwa mashirika tunaomba vitu vichache: simu moja yenye kamera nzuri, kigoda cha kuishikilia isitikisike, taa mbili za jua, na chumba kimoja tunachoweza kuziba madirisha kwa shitingi. Mwanga wa nje haufai. Wingu likipita, picha inarukaruka.

Makaa na karatasi zitagawiwa Jumamosi saa mbili asubuhi mbele ya ofisi ya kamati. Wanaotaka kikundi cha mchanga waje na ungo.