Tunataka kuona jua likitoka bila kukimbia



Leo tunasema juu ya kulala mlimani na kuangalia jua likitoka. Wengine wataona ni kitu kidogo.

Wakati Hifadhi ya Virunga ilikuwa inapokea watalii, wageni walilipa mamia ya dola kupanda Nyiragongo, metre 3.470. Walilala kule juu ndani ya vijumba, upepo na baridi vikiwapiga, na asubuhi wakaona jua. Walirudi wakiwa na furaha.

Sisi pia tuko na milima, na upepo tuko nao. Jua linatokea upande wa Masisi, linaangaza mashamba yetu, kisha linashuka pole pole katika pori la Walikale. Lakini nani analala kule juu kwa mapenzi yake? Mwenye kushika mlima anaona barabara yote, njo maana watu wa bunduki wanaupenda. Sisi raia tunaupanda usiku, watoto mgongoni, godoro kichwani. Kukicha, tunaangalia kama nyumba zingali zimesimama.

Artikle 52 ya Katiba inasema Wakongomani wote wana haki ya amani na usalama. Sisi vijana wenye diploma na bila kazi, tunaidai kwa wakubwa wa inchi, bila jiwe wala panga.

Tutajua amani imefika siku mtoto wa Mpofi ataomba kulala mlimani, na mama yake atamujibu tu: «Beba blanketi, kule upepo ni mkali.»